Choo kipya, bomba kuukuu la chuma: uunge kwa njia ipi?

Choo kipya huja ndani ya boksi pamoja na karatasi ya vipimo. Bomba la chuma halina karatasi. Limekaa sakafuni au ukutani miaka hamsini, sabini, pengine mia, na mdomo wake umezibwa kwa chochote alichokuwa nacho fundi wa mwisho: saruji, risasi, katani yenye lami, rangi juu ya rangi. Ndiyo maana anayeuliza dukani "nichukue konekta ipi?" huwa ameruka swali lililotangulia: ukishakitoa choo cha zamani, utabaki na mdomo wa namna gani? Mdomo huo ndio utakaochagua, wewe utaidhinisha tu.

Niweke msimamo wangu wazi mapema ili ujue ninaelemea wapi. Kiungo cha choo sharti kiweze kucheza kidogo bila kuvuja, na sharti kifunguke siku choo kitakapobadilishwa tena. Mpira hufanya yote mawili. Saruji haifanyi hata moja. Risasi iko katikati. Ila mpira nao ni wa namna nyingi, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Lisikilize bomba kwanza

Chuma kinachozungumzwa hapa ni chuma cha kusubu, yaani kile kilichomiminwa kwenye kalibu kikiwa uji. Ni kigumu, kizito, na hakipindi: kikizidiwa hupasuka kama chungu. Mita moja ya bomba la inchi 4 ina uzito wa kilo kumi na ushei, wakati bomba la plastiki la PVC la ukubwa huohuo ni jepesi mara kadhaa.

Kabla ya kununua chochote, ligonge kwa spana. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa au kilicholiwa na kutu hutoa mlio mfu, kama umegonga gunia. Kisha chukua bisibisi ukikwangue, hasa tumboni mwa bomba la mlalo, mahali ambapo maji hupita kila siku. Kuna kuoza kwa hila sana katika chuma hiki: chuma chenyewe hutoka kikabaki kile kijenzi cheusi kinachofanana na risasi ya penseli. Umbo la bomba linabaki palepale, na kwa macho utasema ni zima, lakini kisu kinaingia. Bomba la namna hiyo usiliwekee konekta ya aina yoyote. Kata urudi nyuma hadi ufikie chuma chenye mlio.

Beba na sumaku. Mabomba ya saruji yenye asbesto yakipakwa rangi mara kadhaa hufanana mno na chuma, na kuyakata kwa grenda ni kujaza chumba vumbi linaloua mapafu polepole. Sumaku ikigoma kushika, simama, usikate.

Mwisho, pima. Bomba la chuma la inchi 4 huwa na uwazi wa ndani wa karibu milimita 100, lakini kipenyo cha nje hutofautiana kwa zama na kwa nchi, kati ya milimita 109 na 115 hivi. PVC ya majitaka katika nchi nyingi ni milimita 110 kwa nje. Ile ya inchi 4 ya Marekani ni 114. Shingo ya choo chenyewe, ule mdomo wa udongo wa kauri unaotoka nyuma au chini, huwa kama 102. Tofauti hizi za milimita tano tano ndizo zinazoleta majonzi. Ikiwa huwezi kupitisha kipimo kuzunguka bomba kwa sababu limebanana na ukuta, zungusha kamba, ipime, ugawe kwa 3.14. Kamba ya milimita 346 ni bomba la 110. Ya 361 ni la 115. Na usidhani kila bomba kuukuu ni la inchi 4. Yapo ya inchi 3 na nusu, na wenye nyumba huyagundua wakiwa tayari wamenunua vifaa.

Saruji na risasi: njia za wazee

Saruji ndiyo utakayoikuta mara nyingi, kwa sababu ilikuwa rahisi: unaingiza shingo ya choo kwenye mdomo wa bomba, unajaza uji wa mchanga na saruji, unalainisha kwa kidole. Inashika. Tatizo ni kwamba inashika mno. Choo ni kauri, sakafu inacheza (ya mbao hucheza zaidi, ya zege huzama taratibu), na mtu mzima anapokaa, kitu fulani lazima kisogee. Saruji haisogei, chuma hakisogei, kwa hiyo inayopasuka ni shingo ya choo. Ufa wake huwa mwembamba kama unywele, unavuja matone, na utaanza kulaumu tangi kabla hujalaumu kiungo.

Kuondoa saruji hiyo ni kazi ya subira. Niliwahi kuipiga nyundo kwa haraka, tonge moja likadondoka ndani, nikasikia likibingirika hadi kwenye kona ya chini. Saa mbili nzima nilizipoteza kulivua kwa waya. Tangu siku hiyo naanza kwa kusokomeza tambara bomba likazibwa kabisa, tena tambara lililofungwa kamba, ncha ya kamba ikiwa nje. Linazuia vipande, na pia linazuia gesi ya majitaka, ambayo si harufu tu: ina sumu na inaweza kuwaka. Baada ya hapo, vunja shingo ya choo juu ya kiungo, kisha gonga vipande vilivyobaki kwa tindo ndogo ukielekeza mapigo ndani, kuelekea katikati ya tundu. Ukiyaelekeza nje unausukuma mdomo wa chuma upanuke, na chuma cha kusubu hakijui kupanuka. Miwani na glavu nene si hiari. Kauri iliyovunjika inakata kama kioo, na kila unachogusa hapo kimepitiwa na majitaka.

Risasi ni hadithi nyingine, na naiheshimu. Katani iliyolowekwa lami husukumwa kwenye pengo kati ya bomba na soketi (mdomo mpana unaolipokea), ikashindiliwa kama wajenzi wa majahazi wanavyokalafati mbao, kisha juu yake inamiminwa risasi moto, kina cha sentimita mbili na nusu hivi. Ikipoa hushindiliwa tena kwa patasi butu. Viungo vya namna hii vimedumu kuliko waliovitengeneza, na kwa kuwa risasi ni laini, hustahimili mtikisiko mdogo ambao saruji haiuwezi.

Hata hivyo sioni sababu ya kumimina risasi leo kwa ajili ya choo kimoja. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, PVC huanza kulegea ikiwa na nyuzi 80 tu, kwa hiyo viwili hivyo havikutani kamwe. Tone la maji lililobaki ndani ya soketi hugeuka mvuke ghafla na kurusha risasi usoni kwa mmiminaji. Na ni sumu, moshi wake kwa vumbi lake. Mahali pekee ninapoipa nafasi ni chuma kwa chuma, kwenye bomba la wima, mikononi mwa fundi aliyewahi kuifanya. Kuna pia nyuzi za risasi za kushindilia bila moto, ambazo hutibu kiungo kinachovuja kidogo. Zitumie kukirekebisha cha zamani, usianze nazo kipya.

Ukitaka kuitoa, usiichome. Toboa matundu mengi kwa drili kuzunguka pete ya risasi, kisha idokoe kwa bisibisi. Inatoka kwa vipande, na chini yake utakuta katani ingali na harufu ya lami, kana kwamba iliwekwa mwaka jana.

Konekta ya mapezi dhidi ya kaplingi ya mikanda

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo kwa vyoo vingi ambavyo shingo yake hutokea nyuma.

Konekta ya mapezi ni kipande kifupi chenye kikombe cha mpira upande mmoja, kinachovikwa shingo ya choo, na upande wa pili kina pete za mpira zilizosimama kama mapezi ya samaki, zinazosukumwa ndani ya bomba. Haina skrubu wala mkanda. Hufungwa kwa kubana kwake yenyewe, na siku ya kukitoa choo unakivuta tu kinaachia. Zipo zilizonyooka, zenye kona ya nyuzi 90, na zenye mkengeuko, ambazo kitovu cha upande mmoja hakilingani na cha upande wa pili kwa milimita 10, 20 au 40. Kwa mtu anayefanya kazi mwenyewe kwa mara ya kwanza, hii ndiyo ninayompa, kwa masharti.

Sharti kubwa ni mahali mapezi yanapokamata. Bomba la chuma lina soketi mdomoni, ule mwanzo mpana uliotengenezwa kupokea bomba lingine, na ndani zaidi ndipo penye uwazi wa milimita 100. Konekta nyingi zimekusudiwa uwazi huo wa ndani. Ukiisukuma ikaishia kwenye soketi, mapezi yanaelea hewani. Choo kitaonekana kimekaa sawa, na wiki ya pili chumba kitanuka. Kifungashio huandika vipimo vya ndani ambavyo konekta inashika. Vilinganishe na ulichopima baada ya kusafisha. Nasisitiza baada: kutu na magamba ya mkojo mkavu hupunguza uwazi kwa milimita nyingi, na mapezi yakikaa juu ya magamba yanaacha vichochoro. Sugua kwa brashi ya waya sentimita saba au nane kwenda ndani, hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Paka mapezi sabuni ya maji au grisi ya silikoni. Usipake grisi ya magari, maana mafuta ya petroli huulegeza mpira wa aina nyingi.

Kaplingi ya mikanda hufanya kazi kwa nje. Ni mkono wa mpira unaovikwa juu ya ncha mbili za bomba, ya chuma upande huu na ya PVC upande ule, kisha unakazwa kwa mikanda ya chuma cha pua. Haijali sana hali ya ndani ya bomba la chuma, inajali ngozi ya nje, ambayo mara nyingi ndiyo iliyo salama zaidi. Hii ndiyo faida inayoniletea mimi kaplingi mkononi kila nikikuta soketi imemeguka au imeoza: nakata nyuma yake, naacha sentimita tano za bomba safi, nalivika.

Gharama yake ni ukataji. Kuna mkasi wa mnyororo, ambao hulizunguka bomba kwa magurudumu madogo na kulikaza hadi linakatika kwa mlio mmoja. Ni safi na hauna cheche, ila bomba lililochoka linaweza kupondeka badala ya kukatika. Kwa bomba kama hilo afadhali grenda yenye diski ya almasi, polepole, kwa barakoa na miwani, na bila gesi ikitoka mdomoni mwa bomba. Kabla ya kukata chochote, jiulize kipande hiki kinabeba nini. Ukikata bomba la wima bila kufunga klempu za kulishikilia, ghorofa zote za juu yake zitakuja kukusalimia.

Kaplingi zenyewe si sawa. Ipo ya mpira mtupu na ipo iliyovishwa ganda la chuma cha pua. Ya mpira mtupu inafaa ikiwa ardhini, imeegemezwa na udongo pande zote. Juu ya ardhi nataka ganda, kwa sababu bila hilo uzito wa chuma upande mmoja huuvuta mpira, mabomba yanapishana, na kwa ndani panatokea kizingiti kidogo. Karatasi hukwama penye kizingiti. Tazama pia kwamba vipenyo viwili vimo ndani ya kipimo cha kaplingi uliyoshika. Chuma cha 115 na PVC ya 110 vinahitaji ile inayopokea tofauti, na kulazimisha kwa kukaza zaidi hakusaidii. Mikanda ya kaplingi nyingi zenye ganda hukazwa hadi newtoni-mita 7 hivi tu, nguvu ndogo kuliko mkono unavyotaka kutoa.

Sasa uchague ipi? Kama soketi ni nzima, chuma kinalia, na choo kipya kinaelekea mdomo wa bomba bila kulazimishwa, konekta ya mapezi. Ni kazi ya asubuhi moja na haiharibu kitu, ukikosea unaichomoa. Kama mdomo una ufa, au urefu wa choo kipya hauchukuani na bomba, kata na utumie kaplingi, kisha upande wa PVC ndio uwekee konekta ya kawaida ya choo. Wanaosema kaplingi ni bora daima kwa sababu ina mikanda wananishangaza. Kiungo cha choo hakibebi shinikizo. Maji hupita sekunde chache, kisha ni hewa. Mikanda ni kwa ajili ya kushika mabomba yasihame, na shingo ya choo inashikwa na skrubu za sakafuni.

Kati ya hizo mbili kuna ndugu wa tatu anayesahauliwa: gasketi nene ya mpira, yenye umbo la kitumbua chenye tundu, inayoketi ndani ya soketi ya chuma baada ya risasi kutolewa. Bomba la PVC linasukumwa katikati yake kwa sabuni na nguvu. Ukibahatika soketi iko nzima na pande zake zimenyooka, ni kiungo kizuri sana, kifupi, kisichohitaji kukata. Shida ni kuipata ya kipimo chako, kwa kuwa inabidi ioane na soketi na bomba kwa pamoja.

Ile ya akodioni

Nitaipitia haraka kwa kuwa inauzika sana. Konekta inayovutika na kupinda kama akodioni huonekana jibu la kila tatizo: bomba limepotoka sentimita nne, unapinda, mambo yamekwisha. Niliifunga mara moja kwa namna hiyo. Miezi michache baadaye ilikuwa imelegea katikati kama tumbo la mbuzi aliyeshiba, maji yamesimama humo, na kila mkunjo umeshika karatasi yake. Nikaiondoa, nikaweka konekta ngumu yenye mkengeuko wa milimita 40, na kelele zikaisha. Kama huna budi kutumia ya akodioni, iwe fupi, iwe imevutwa hadi mikunjo inyooke, na iwe mahali unapoweza kuifikia. Usiizike nyuma ya vigae.

Choo kinachotoa uchafu chini: flanji na nta

Vyoo vya mtindo wa Marekani hukaa juu ya flanji, pete ya chuma iliyopo sakafuni, yenye nafasi za boliti mbili, na kati ya flanji na choo huwekwa pete ya nta. Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka ukuta uliokamilika hadi katikati ya boliti: kwa kawaida inchi 12, yaani milimita 305, ingawa nyumba za zamani huwa na 10 au 14. Choo cha 12 hakitaingia penye 10, na hakuna konekta itakayokuokoa.

Flanji ya zamani mara nyingi imefungwa kwa risasi, na masikio yanayoshika boliti ndiyo yanayovunjika. Hapa una njia tatu, na zinatofautiana kwa kina cha upasuaji. Ya kwanza ni pete ya chuma cha pua ya kuwekwa juu ya ile iliyovunjika na kufungwa kwa skrubu hadi sakafuni. Inatosha kabisa ikiwa pete ya chini bado haijapasuka hadi ndani. Ya pili ni flanji ya kutanuka, inayoteremshwa ndani ya bomba na kukazwa kwa boliti hadi mpira wake ubane kuta. Haraka, safi, lakini inakula uwazi: tundu la inchi 4 linarudi kuwa kama 3. Kwa bomba laini si neno. Kwa chuma chenye magamba mimi husita. Ya tatu ni kutoboa risasi, kuitoa flanji yote, na kuweka mpya. Ndiyo ya kuchosha, na ndiyo ninayoichagua nikikuta flanji imezama chini ya vigae vipya.

Maana kimo ndicho chanzo cha mivujo mingi ya nta. Flanji inapaswa kukaa juu ya sakafu iliyokamilika, uso wake ukiwa juu kwa kama milimita 6. Ikiwa vigae vimepanda na flanji imebaki shimoni, watu hupandanisha pete mbili za nta. Wakati mwingine hukubali, wakati mwingine moja huteleza ikaingia kwenye njia ya maji. Pete za kunyanyua, zinazofungwa juu ya flanji kwa silikoni na skrubu, ni jibu tulivu zaidi.

Nta au mpira? Nta inasamehe uso wenye mabonde, na chuma cha zamani kina mabonde. Lakini inakubali mara moja tu. Ukikiketisha choo, ukaona kimepinda, ukakinyanyua, nta hiyo imekwisha. Tupa, weka nyingine. Pete ya mpira au sponji unaweza kuirudia mara tatu hadi choo kikae vizuri, ila inadai flanji iliyo sawa na safi. Mtu anayefanya kazi peke yake, bila mwenzake wa kushika upande wa pili wa choo kizito, nampa ya mpira.

Kutoa chuma chote

Kuna wakati kulinganisha konekta ni kupoteza muda. Ukigonga tumbo la bomba la mlalo likatoa mlio mfu kutoka choo hadi kwenye bomba la wima, au ukiona lina mstari wa kutu unaotoa jasho, toa tawi lote, uweke PVC, na uunganishe na bomba la wima kwa kaplingi yenye ganda. Unapata nafasi ya kusahihisha mteremko pia: sentimita 2.5 kwa kila mita ni kipimo kizuri kwa bomba la milimita 100, na mara nyingi utakuta la zamani limezama katikati.

Ila usiling'oe bomba la wima lililo zima kwa sababu tu ni kuukuu. Chuma kinanyamazisha maji. PVC inayapigia tarumbeta, na anayelala chumba cha jirani atajua kila aliyekwenda chooni usiku. Chuma hakiungui, wakati PVC ikipita kati ya ghorofa na ghorofa inahitaji pete maalumu inayovimba na kuziba tundu moto ukitokea. PVC pia hurefuka na kufupika kwa joto mara tano au zaidi ya chuma, ndiyo maana bomba refu la plastiki huwekewa viungo vya kutanuka. Na kama jengo lina wakazi wengine, bomba la wima ni la wote. Zungumza nao kabla ya kuwasha grenda, walau wajue saa ambazo wasivute maji.

Maji machache, bomba lenye magamba

Jambo moja halimo kwenye konekta yoyote. Choo cha zamani kilikuwa kikimwaga lita 9 hadi 13, pengine zaidi, kila kilipovutwa. Sheria ya Marekani ya 1992, iliyoanza kubana vyoo vya nyumbani mwaka 1994, iliteremsha kiwango hadi lita 6, na leo vyoo vingi vya vitufe viwili hutumia 6 na 3, vingine 4.5. Mafuriko yaliyokuwa yakisukuma kila kitu kwenye chuma chenye magamba hayapo tena. Choo kipya kikianza kuziba mwezi wa kwanza, wenye nyumba hulaumu kiungo kipya, na kumbe kiungo hakina kosa.

Kwa hiyo bomba likiwa wazi, kabla ya kuweka chochote, chungulia ndani kwa tochi na umimine ndoo ya maji. Yanateremka yakiimba au yanazubaa? Magamba yanaweza kusuguliwa na fundi mwenye mnyororo unaozunguka kwa mashine, ikiwa ukuta wa bomba bado ni mnene. Ukiwa mwembamba, mnyororo huohuo utalitoboa, na hapo umejibiwa kuhusu kutoa tawi lote.

Kiungo kikishakaa, kaza skrubu za sakafuni, moja robo mzunguko, nyingine robo mzunguko, na uache kabla kauri haijalia. Ila usiharakishe silikoni. Vuta maji mara tano, na mara moja mwaga ndoo nzima kwa mpigo. Zungushia kiungo karatasi kavu ya chooni: tone dogo ambalo jicho halilioni huitia karatasi doa. Kiache usiku kucha, asubuhi upitishe karatasi nyingine chini yake na unuse. Baada ya hapo ndipo silikoni. Upande wa nyuma wa kitako cha choo sipaki silikoni; kiungo kikija kuvuja, nataka maji yatokee hapo niyaone, kuliko yajifiche chini ya choo yakioza sakafu.